Leseni ya rubani wa droni isikufie mkononi: mwongozo kutoka Mwanza

Mwezi wa sita ukiingia, kazi za droni Mwanza zinafunguka. Mvua za masika zimeisha, kila Jumamosi kuna harusi au sendofu kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na wapima ardhi wanataka picha za viwanja vya Usagara kabla majani hayajaota tena. Na ndio mwezi ambao simu inaita usiku, rubani mwenzako yuko upande wa pili, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyevunja sahani ya mama mkwe: "Kaka, hivi leseni ikipitiliza wiki mbili inakuwaje?"

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye leseni anayo tayari. Kuipata ni habari nyingine. Hapa tunazungumzia kuiweka hai mwaka baada ya mwaka, ukiwa unaishi kando ya ziwa, mbali na ofisi kubwa zilizoko Dar es Salaam, na ukiwa na wateja wasiojua wala kujali tarehe zako.

Hatua ya kwanza: tandika karatasi zote mezani

Zote, kwa pamoja, jioni moja. Wengi wanaposema "leseni yangu iko sawa" wanafikiria karatasi moja, ilhali unaporuka unasimama juu ya karatasi tatu au nne kwa wakati mmoja. Kuna inayokuhusu wewe rubani. Kuna usajili unaoihusu droni yenyewe, wenye namba yake ya kiwandani. Kuna kibali cha kazi au eneo unaloruka. Kisha kuna bima, kama unayo, na cheti cha afya kama aina ya leseni yako inakidai. Kila moja ilitolewa siku yake na itakufa siku yake. Mimi niliwahi kuwa na leseni yenye uhai wa kutosha kabisa huku usajili wa droni ukiwa bado na jina la jamaa aliyeniuzia. Karatasi yangu ilikuwa nzima, ndege ilikuwa ya mtu mwingine.

Chukua daftari, andika jina la kila karatasi, na mbele yake tarehe ya mwisho kama ilivyochapishwa. Soma tarehe kwenye hati yako mwenyewe. Usichukue ya kwenye kundi la WhatsApp, maana aliyeandika "ni miaka miwili" anaweza kuwa na leseni ya daraja jingine au ya nchi nyingine kabisa.

Ukishaandika tarehe, andika pia nani alitoa. Leseni, usajili na ruhusa za anga ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Kuna watu wanaichanganya na TAA, ambayo ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. TAA inaendesha uwanja, TCAA inasimamia anga na ndiyo yenye mnara wa kuongozea ndege. Ukienda pale uwanjani Ilemela kuuliza, ulizia unayemtaka kwa jina kamili, utaokoa asubuhi nzima. Juu ya hapo kuna ruhusa ya upande wa usalama kutoka Wizara ya Ulinzi na JKT, na hiyo ndiyo inayochukua subira. Ukitaka kuruka juu ya Saanane, kumbuka kile kisiwa ni Hifadhi ya Taifa hata kama unakiona ukiwa umekaa Capripoint unakula sato, kwa hiyo TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, nao wana neno. Na ukipiga filamu ya biashara kuna Bodi ya Filamu.

Kidogo kuhusu vyeti vya nje, kwa sababu tunao vijana waliosoma huko wakarudi. Cheti cha Marekani cha kazi za biashara, kile cha Sehemu ya 107, hakina tarehe ya kufa iliyochapishwa juu yake, na hilo limewaponza wengi. Mwenye nacho anatakiwa kurudia mafunzo kila miezi 24 ya kalenda, na tangu Aprili 2021 mafunzo hayo hufanyika kwenye intaneti bila malipo, hata ukiwa Buhongwa. Hesabu yake inakwenda mpaka mwisho wa mwezi: ukiyafanya tarehe 10 Machi 2025, una mpaka tarehe 31 Machi 2027. Ukipitiliza, cheti bado ni chako ila huruhusiwi kukifanyia kazi mpaka urudie. Uingereza wao wana namba mbili, moja ya mrushaji inayodumu miaka 5 na nyingine ya mmiliki wa droni inayolipiwa kila mwaka, na watu huhuisha moja wakasahau ya pili. Lakini hata ukiwa navyo vyote hivyo, hapa havikupi ruhusa ya kupaa. Vipeleke TCAA vikiwa hai ili vitambuliwe kwa utaratibu wao. Cheti kilicholala hakina cha kutambuliwa.

Hatua ya pili: hesabu kurudi nyuma

Tarehe iliyochapishwa usiiweke kwenye kalenda ya simu. Weka tarehe ya siku 90 kabla yake. Hiyo ndiyo siku yako ya kuanza. Halafu weka kengele nyingine siku 60 kabla, na nyingine siku 30.

Kwa nini siku 90? Kwa sababu ukiwa Mwanza kila kinachokosekana kinaongeza safari. Picha ya pasipoti imekataliwa, barua imekosa mhuri, mtahini anapatikana wiki ijayo, na wiki ijayo wewe una kazi Sengerema. Mtu wa Dar anarudi ofisini kesho yake. Wewe unahesabu nauli.

Halafu fanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: angalia karatasi ipi inakufa kwanza na usikubali kazi inayovuka tarehe hiyo. Mteja wa kupiga picha za ujenzi kila mwezi kwa mwaka mzima ni mteja mtamu, lakini kama kibali kinaisha mwezi wa nane, mkataba useme hivyo. Mwambie mapema: "Mzee wangu, kuanzia tarehe fulani nitasimama wiki mbili nikihuisha vibali." Wengi wanaelewa. Asiyeelewa siku hiyo hatakuelewa wala siku askari akikukuta na rimoti mkononi.

Hatua ya tatu: daftari la safari, na saa zake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Rubani wa droni anaulizwa mambo mawili anapohuisha: je, bado unaruka, na je, unaruka kwa utaratibu? Jibu la yote mawili liko kwenye daftari. Programu ya droni inahifadhi safari zako, sawa, lakini simu ikianguka ziwani pale Kamanga inakwenda na historia yako. Kuwa na daftari la karatasi lenye jalada gumu, na kila Jumapili piga picha kurasa za wiki hiyo uzitunze kwenye barua pepe.

Kila safari andika tarehe, mahali, namba ya usajili wa droni, saa ya kupaa, saa ya kutua, dakika ulizokaa hewani, betri iliyotumika (zipe betri zako namba kwa rangi ya kucha, haifutiki), hali ya upepo, na jambo lolote lisilo la kawaida. Droni ikipoteza mawasiliano kwa sekunde 10, andika. Mwewe akikushambulia, andika. Daftari lisilo na kasoro hata moja kwa miaka miwili linamfanya msomaji ajiulize.

Sasa suala la saa. Mwaka mmoja nilipeleka daftari langu kukaguliwa nikiwa na uhakika kwamba liko safi. Mkaguzi, mama mmoja mtulivu, akafungua, akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, ulikuwa unafanya nini angani saa tisa na nusu usiku, tarehe kumi na nne?"

Nikasema sijawahi kuruka usiku hata siku moja. Akanigeuzia ukurasa. Nilikuwa nimeandika 3:30. Kwangu mimi ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, baada ya chai, jua limeshapanda. Kwake, kwenye hati ya anga, 03:30 ni usiku wa manane, na kuruka usiku kunahitaji ruhusa ambayo sikuwa nayo. Kurasa 40 zilikuwa hivyo. Nusu ya safari zangu zilisomeka kama za mchawi.

Alinirudisha nyumbani nikazirekebishe moja moja, kila moja na sahihi yangu pembeni. Kufuta kwa wino mweupe hairuhusiwi: piga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, andika lililo sahihi juu yake, tia saini na tarehe. Ilinichukua usiku tatu.

Kwa hiyo andika kwa saa 24. Saa tatu na nusu asubuhi ni 09:30. Saa kumi jioni ni 16:00. Juu ya ukurasa andika kabisa ni saa ya hapa au ni saa ya kimataifa, yaani UTC. Marubani wa ndege kubwa hutumia UTC, na sisi tuko saa 3 mbele yake, kwa hiyo 09:30 yetu ni 06:30 UTC. Chagua moja na usibadilishe katikati ya daftari. Mimi nimebaki na saa ya hapa, kwa sababu hesabu mbili kichwani asubuhi ni nyingi mno.

Hatua ya nne: usiache mikono ipoe

Leseni iliyo hai mikononi mwa mtu ambaye hajagusa rimoti kwa miezi minne ni hatari kuliko iliyokufa. Masika yanatulaza sote ndani. Mimi nimejiwekea angalau nusu saa kila wiki mbili hata kama hakuna mteja, mbali na uwanja wa ndege na mbali na watu, na nusu saa hiyo inaingia daftarini kama nyingine yoyote. Kabla ya mtihani wa vitendo fanya zoezi la mduara, la namba nane, na la kutua bila msaada wa setilaiti. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha waliozoea droni inayojisimamisha yenyewe.

Na kwa sababu tuko hapa tulipo, kuna mambo ya ziwa ambayo hutayapata katika masomo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi tambarare.

Upepo kwanza. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na hewa inavuta kutoka ziwani kuja mjini. Usiku inageuka. Ndiyo maana asubuhi kati ya 07:00 na 10:00 huwa kumetulia na alasiri kuna vurugu. Droni uliyoipeleka ziwani alasiri utaiona inarudi haraka, imesukumwa na upepo. Ila upepo ukigeuka mbele ya wingu la mvua, kurudi kunakuwa kupanda mlima. Ukiiruhusu iende, geuza ikiwa bado na nusu ya betri.

Kisha mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na Dar, panga zinafanya kazi zaidi, na dakika zilizoandikwa kwenye boksi hutazipata zote. Pima zako mwenyewe, uziandike.

Miamba. Tunajisifia Jiji la Miamba, lakini rimoti inahitaji kuiona droni. Ikipita nyuma ya kilima cha mawe mawasiliano yanakatika, nayo inaanza kurudi yenyewe kwa kimo ulichokipanga. Kama kimo hicho ni kifupi kuliko jiwe lililo katikati, unajua kitakachofuata. Kabla ya kupaa, tazama jiwe refu kuliko yote eneo hilo, ongeza mita 20, na ndicho kiwe kimo cha kurudi. Ila usivuke futi 400, yaani mita 120, kimo ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho kwa droni za kawaida.

Maji yenyewe. Vitambuzi vya chini ya droni vinachanganywa na maji yanayong'aa na kucheza, kwa hiyo usishuke chini ya mita 3 au 4 ukivitegemea. Na kama umepaa kutoka kwenye boti, kumbuka kwamba droni imeshika mahali boti ilipokuwa, boti imeshasogea. Ukibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani itarudi kwa uaminifu mkubwa na kutua majini. Badilisha pointi ya kurudi ifuate rimoti, au usitumie kitufe hicho kabisa.

Ndege hai. Furukombe na mwewe wa Mwaloni, Kirumba, wamezoea kunyakua samaki na hawapendi mgeni. Akija, panda juu moja kwa moja, maana wao hushambulia kwa kushuka na hawapandi wima upesi. Korongo wa jalalani ni wazito na wapole, ila wanazunguka kwa makundi. Na wale wadudu wa ziwani wanaosimama kama nguzo za moshi juu ya maji, usipite katikati yao: lenzi itajaa, na mota utazifungua kwa mswaki.

Watu wakisikia haya huniambia, mbona mwaka 2018 droni za dawa zilikwenda mpaka Ukerewe? Ni kweli. Ule mradi wa majaribio wa kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, ulirusha droni kilomita 60 kutoka Mwanza hadi kisiwani kwa wastani wa dakika 40, mbali kabisa na macho ya aliyeirusha. Lakini ule ulikuwa mradi wenye ruhusa zake maalumu na wahandisi wake. Leseni yako ya kawaida inakutaka uione droni kwa macho yako. Ukijaribu kuivusha ghuba kwa sababu "wale waliweza", umeipa ofisi sababu ya kukunyang'anya leseni yako bila kusubiri iishe muda.

Hatua ya tano: afya na mtihani

Hapa hapana mengi. Kama leseni yako inadai cheti cha afya, nenda kwa daktari anayetambuliwa na TCAA kwa vipimo vya anga. Cheti cha daktari wa mtaani kitarudishwa hata kama ni daktari bingwa. Kama unavaa miwani, nenda nayo. Kama umeanza dawa ya presha au kisukari, sema. Kwa mtihani, durusu sehemu ya sheria na ya hali ya hewa. Hizo ndizo zinazobadilika na kusahaulika.

Ukilazimika kupanda ndege kwenda Dar na droni yako, betri zinakwenda kwenye begi la mkononi, kila moja imezibwa ncha zake. Zisizozidi saa-wati 100 hazina shida, kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika la ndege kwanza. Kukokotoa, zidisha volti kwa saa-ampea: betri ya volti 15.4 na saa-ampea 5 ni 77. Zisafirishe zikiwa na nusu ya chaji, na iliyovimba iache nyumbani, nje, mbali na pazia.

Hatua ya sita: maombi yenyewe

Kinachorudisha maombi mengi ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema majina matatu, pasipoti imeyapanga vingine, na cheti cha mafunzo kimeandika mawili, moja likiwa na herufi iliyokosewa. Masanja na Massanja ni watu wawili machoni pa mfumo. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kutuma, na kama kuna tofauti, kaapishe hati ya kiapo mapema kwa wakili.

Malipo yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Ikishatoka, lipa siku hiyo hiyo, maana bili nayo ina tarehe yake ya mwisho. Hifadhi risiti kama faili, na pia uichapishe. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie kwa sababu "anafahamiana nao".

Tuma nakala za kurasa za daftari za miezi ya karibuni hata kama hukuombwa. Halafu piga simu baada ya siku 7 kuulizia, kwa upole, ukiwa na namba ya ombi mkononi. "Samahani dada, naulizia ombi namba fulani" inafungua milango ambayo "mbona mnachelewesha" inaifunga.

Na kama imeshapitiliza

Siku hiyo hiyo unayogundua, simama. Hata kama kuna harusi kesho. Mpigie mteja, mpe rubani mwingine mwenye vibali hai, gawaneni malipo. Andika kwenye daftari siku uliyosimama, ili ionekane hukuruka katikati. Kisha andika barua fupi ukieleza muda ulivyopita, bila kusingizia msiba wa uongo, na uombe maelekezo ya kuhuisha. Kadiri ulivyochelewa ndivyo uwezekano wa kurudishwa kwenye mtihani unavyoongezeka, kwa hiyo usingoje mwisho wa msimu.

Hati mpya ikifika, soma kila neno ukiwa bado mbele ya aliyekupa: jina, daraja la leseni, tarehe. Niliwahi kupewa yenye mwaka uliokosewa nikaigundua nimeshafika stendi ya Nyegezi. Ipige picha, badilisha kengele tatu za simu, na ile ya zamani ibandike kwa gamu ndani ya jalada la daftari, uandike juu yake kwa kalamu nyekundu: IMEISHA.